Tisa kwa Ishirini

Saa moja kasorobo asubuhi ya Jumamosi, nyuma ya mkahawa wa chuo, mwanamke wa miaka hamsini na sita amepiga magoti juu ya gunia lililokunjwa mara nne. Mbele yake kuna ndoo mbili za maji, kisu kilicholiwa na kinoo mpaka kimebaki chembamba, na mshumaa uliokingwa upepo ndani ya kopo. Anakata kipande cha kifuniko, anakizamisha kwa kidole ndani ya ndoo, anakiachia. Kikielea anakitupa kulia. Kikienda chini anakitoa na kukitupa kushoto.

Kila kipande anakipima mara mbili. Kile anachokitilia shaka anakishika kwa koleo, anakisogeza kwenye mwali wa mshumaa na kuangalia rangi ya moshi. Kazi ambayo zamani aliimaliza kabla wanafunzi hawajapiga mswaki, sasa inamchukua asubuhi nzima.

Mwandishi wa makala hii anaketi upande wake wa kushoto na kumwamkia. Hajibu. Anamwamkia tena, kimya. Mpaka amguse bega ndipo anapogeuka, anaona ni nani, na uso unamshuka kidogo kabla hajatabasamu.

"Kumbe ni wewe. Hamia huku kulia. Huko ulikokaa utahojiana na ukuta."

Chuo kizima kinamwita Shangazi. Mpaka mwaka jana walimwita Shangazi Sikio, na hilo jina la pili ndilo lililokuwa tamu. Ameomba liachwe, na wengi wameliacha. Wapo wachache wanaosahau, na akiona midomo yao inaelekea huko anainamia ndoo yake na kujifanya ana shughuli nyingi.

Karibu na goti lake kuna nusu ya tofali la kijivu, lile la kutandika njiani. Mahali lilipovunjika vinang'aa vipande vyembamba, kama kucha zilizokatwa. Halitumiki kwa kazi yoyote.

"Hilo nimeliweka nisije nikajisahau," anasema.

Kabla ya kuja chuoni, Shangazi alifanya kazi miaka kumi na moja kwenye kiwanda cha kusaga plastiki. Kituo chake kilikuwa mdomoni mwa mashine. Anachambua, anatupa ndani, mashine inatafuna. Plastiki ziko za aina nyingi, na zikichanganyika mzigo mzima unaharibika, lakini kwa macho tu mara nyingi zinafanana. Kikopo cha mtindi na kikopo cha krimu, vyote vyeupe, vyote vyepesi, kumbe havina undugu wowote.

"Ukiminya karibu na sikio, kimoja kinalia kikavu, kingine kinalia kwa uvivu," anaeleza. "Hakuna aliyenifundisha. Kelele za mashine zilikuwa nyingi, kwa hiyo kipande unakileta hapa kabisa, mpaka kinagusa hereni. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa najua."

Kinga ya masikio ilikuwa pamba, na anayeitaka aje nayo kutoka kwake. Mashine iliyompa ujuzi ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikimla masikio taratibu. Hilo alikuja kulijua kiwanda kikiwa kimeshafungwa, na hakuna tena mtu wa kuulizwa.

Akapata kazi ya kufagia kumbi za mihadhara. Ofisi ya majengo ikampa na kibali cha kuokota plastiki za chuo baada ya saa za kazi, akauze mwenyewe. Kwa wiki alipata kama kilo arobaini, na kilo moja ya plastiki laini inauzwa kwa bei ya nusu mkate.

"Mikate ishirini kwa wiki," anapiga hesabu, akicheka. "Na mimi na mdogo wangu hatuwezi kumaliza mikate ishirini. Kwa hiyo tulikuwa matajiri."

Miaka minne iliyopita mhadhiri wa ujasiriamali alichoka kusoma mipango ya biashara ambayo hata walioiandika wasingetia humo nauli yao ya kurudi nyumbani. Akabadilisha somo. Kila kundi la wanafunzi likaamriwa kutengeneza kitu kutokana na taka za chuo chenyewe, na kumtafuta mteja wa kweli wa kukinunua. Asiyepata mteja hapati alama.

Shangazi anaikumbuka siku ya kwanza walipomvamia jalalani, wanafunzi sitini, glavu mpaka viwiko.

"Walivaa kama wanakwenda kumpasua mgonjwa," anasema. "Mmoja aliokota chupa kwa vidole viwili, akaipiga picha, akairudisha pale pale ilipokuwa. Nikajua hapa kazi ipo."

Makundi ya kwanza yaliyeyusha kila kitu pamoja. Kilichotoka kilinuka na kumomonyoka. Mhadhiri akasikia kwamba yule mfagizi wa ukumbi namba mbili anajua mambo haya, akamwomba aje darasani. Akaja, akajifunga mtandio machoni, akapewa vipande ishirini kimoja baada ya kingine. Kila kimoja akakiminya sikioni na kukitaja. Akapata ishirini kwa ishirini, na wanafunzi wakainuka kwenye viti.

"Sakafu ile nimeifagia miaka tisa," anasema. "Siku ile ndiyo nilisimama mbele, nikiwa sina ufagio. Nisikudanganye, kichwa kilivimba."

Tangu hapo kila mwaka somo lilifunguliwa kwa mtandio wa Shangazi. Kundi moja lilitengeneza mipini ya mifagio, jingine viti vya bustani ambavyo mpaka leo viko mbele ya maktaba. Waliomaliza chuo wakiwa na karakana zao bado wanampigia simu, ingawa siku hizi simu inapokelewa na mdogo wake.

Hapa mwandishi naye ana la kwake la kusema. Miaka miwili iliyopita alikuja chuoni hapa, akaandika makala yenye kichwa "Sikio Lisilokosea". Ilipendwa. Wanafunzi waliikata gazetini, wakaifunika kwa plastiki angavu na kuitundika kwenye ukuta wa banda la kuchambulia. Katika mahojiano yale alimuuliza Shangazi mara tatu alianza kazi akiwa na umri gani. Mara ya kwanza alijibu habari za mdogo wake, mara ya pili akasema ndiyo, mara ya tatu akalalamikia upepo. Upepo haukuwepo.

Mwandishi aliandika kwenye daftari lake, "Hasikii vizuri?" Kisha hakuitumia sentensi hiyo, kwa sababu ingemharibia kichwa cha habari. Ukitaka kusema kweli, makala ile ilimpaka huyu mama mafuta kwa mgongo wa chupa. Daftari bado lipo, alama ya kuuliza bado ipo, na aliyeiandika anaona haya kila akiifungua.

Wakati huo sikio la kushoto lilikuwa limeshakufa na la kulia lilikuwa njiani. Nyumbani kwake, chumba na sebule wanavyokaa ndugu wawili, mambo yalikuwa wazi kabisa.

"Redio yetu ilikuwa inasikika mpaka kwa majirani wa nyumba ya tatu," anasema mdogo wake, ambaye anauza mboga. "Yeye ananiambia betri zimeisha. Nikimwambia dada, nenda hospitali, ananuna. Alikuwa na jina la sikio. Ataanzaje kusema sikio lenyewe halipo?"

Mwaka ule wa makala Shangazi alipita mtihani wa mtandio kwa vidole. Unene, mkwaruzo wa ukucha, uzito. Zaidi ya yote alijua mkahawa unanunua nini na duka la chuo linauza nini.

"Sikuwa nasikia," anasema. "Nilikuwa nakumbuka."

Ndipo alipokuja Katibu. Ni binti wa miaka ishirini na miwili, mama yake ni mshonaji, na jina hilo alipewa kwa sababu kila kinachosemwa anakiandika. Yeye na wenzake wanne waliamua kutengeneza matofali ya njia kwa plastiki iliyoyeyushwa na mchanga. Wakapata mteja, shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara, iliyokuwa na njia ya tope kutoka madarasani hadi jikoni. Matofali mia sita na arobaini.

Katibu aliandika utaratibu wa kazi, hatua kwa hatua. Hatua ya tatu ilisema kila gunia lipitishwe kwenye maji kabla ya kuyeyushwa, kinachozama kitolewe. Akaisoma mbele ya kundi, na Shangazi yuko hapo, anamsoma midomo.

"Nikacheka," anasema Shangazi. Anaacha kukata. "Nikamwambia, ndoo ni ya watu wasio na masikio. Wenzake wote wakacheka. Yule mtoto akachukua kalamu, akaifuta ile hatua. Nilimwona akiifuta."

Muhula ule mkahawa wa chuo ulibadilisha visanduku vya chakula. Vipya vilikuwa angavu vile vile, ukubwa ule ule, mkunjo ule ule. Lakini vya zamani vilikuwa vya plastiki laini inayoyeyuka vizuri na mchanga, na vipya vilikuwa ndugu wa chupa za maji, vinavyotaka moto mkali zaidi. Mtu anayesikia angeviminya mara moja tu akajua. Shangazi aliviminya, akavikumbuka vile vya zamani, akavitupa kulia. Magunia tisa.

Matofali yalitoka mazuri kwa nje. Yalitandikwa, yakapigwa picha, mwalimu mkuu akatoa hotuba. Wiki ya tatu, baada ya mvua mbili, yakaanza kupasuka. Alhamisi moja asubuhi mpishi wa shule alikuwa anavuka njia na sufuria la maji ya moto. Tofali lilivunjika chini ya mguu wake. Kifundo kilivunjika mahali pawili na mkono wa kulia ukaungua hadi kwenye kiwiko. Watoto walikuwa madarasani, na hiyo ni bahati tu, hakuna aliyeipanga.

Kundi liliitwa mbele ya jopo la nidhamu la chuo. Mhadhiri aligonga tofali moja kwa nyundo juu ya meza, likafunguka, na vile vipande vikang'aa, havikuyeyuka hata kidogo. Akauliza nani alichambua.

Shangazi alikuwa ameketi mwisho wa meza, sikio la kulia likielekea kwa watu. Kabla hajafungua mdomo, Katibu akajibu. Alisema, "Mimi. Wiki ile Shangazi hakuwepo."

"Mambo mengi ya kikao kile sikuyasikia," anasema Shangazi. "Hilo nililisikia lote, neno kwa neno. Na nikajikausha. Nilikaa pale na macho makavu, nikitazama nyundo. Mtoto wa watu anabeba mzigo wangu, na mimi ndani ya moyo nashukuru. Unaelewa? Nilishukuru. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo."

Alichokiogopa kilikuwa kibali. Bila kibali hakuna plastiki, na kazi ya kufagia alikuwa ameshaiacha. Katibu alilijua hilo. Alinyimwa alama ya somo, akaondolewa kwenye uongozi wa klabu ya wanafunzi ya kurejeleza taka, na akaambiwa arudie mwaka mzima wa somo na wanafunzi wanaomfuata. Mama yake, yule mshonaji, aliambiwa kwamba mwanawe ni mzembe.

Siku arobaini na moja zilipita. Shangazi alizihesabu, si kwa kupenda. Katibu alipita pale nyuma ya mkahawa kila asubuhi, na kila asubuhi alimwamkia.

"Angeninunia ningepata nafuu," anasema. "Ananiamkia kwa adabu zote. Shikamoo Shangazi. Na mimi naitikia marahaba, marahaba, kama mtu mwenye haki ya kuitikia. Chakula kilikuwa hakipiti. Mdogo wangu akidhani nina malaria."

Siku moja alimshika mkono na kumuuliza kwa nini alisema vile. Katibu, kumbe alishajua, alihamia upande wake wa kulia, akasema polepole ili midomo ionekane.

"Mimi nikifeli, narudia," alimwambia. "Wewe ukifukuzwa, utarudia wapi?"

Hata hapo Shangazi hakusema kitu kwa mtu yeyote. Anataka hilo liandikwe. Alikwenda nyumbani, akalala, akaamka, akaendelea na kazi yake. Kufika ile ya arobaini na moja zilikuwa bado siku kumi na mbili.

Muhula mpya ukafunguliwa, na mhadhiri akamwita kama kawaida aje na mtandio wake. Alikwenda. Anakiri kwamba alikwenda akiwa amepanga kuwapiga chenga tena. Vidole alikuwa navyo, kumbukumbu alikuwa nayo, na safari hii alikuwa ameshavijua visanduku vipya.

Alipokuwa anaukunja mtandio aliona, safu ya tatu, katikati ya wanafunzi wapya wa somo hilo, Katibu ameketi na daftari jipya. Ameandika tarehe juu ya ukurasa. Anamsubiri aanze, tayari kunakili.

"Niliitazama kalamu yake," anasema Shangazi. "Nikasema, leo anaandika tena ninayoyasema. Ataandika uongo wangu mara ya pili."

Alifunga mtandio. Kisha akamwomba mhadhiri jambo ambalo hajawahi kumwomba. Vipande asipewe mkononi. Mtu asimame mbali kidogo, aviminye yeye, na Shangazi ajibu kwa kusikia tu. Mhadhiri alidhani ni madoido mapya. Akaviminya mwenyewe, kimoja kimoja, na kila akimaliza anamgusa begani ili ajibu.

Cha kwanza alikosa. Wanafunzi wakacheka, wakidhani anawatania. Cha pili alipata. Cha tatu na cha nne alikosa. Kufika cha kumi kicheko kilikuwa kimekwisha. Mhadhiri anasema alipoviminya vile vya mwisho alikuwa ameshaelewa, na hakujua aache au aendelee. Aliendelea mpaka ishirini.

Shangazi alifungua mtandio, akauliza amepata vingapi. Mhadhiri akamwonyesha kwa vidole. Tisa.

"Sikusikia hata kimoja," aliwaambia. "Hivyo tisa nimebahatisha. Na hivi ndivyo yale matofali ya shule yalivyochambuliwa. Nilichambua mimi. Aliyewaambia alichambua yeye amekaa pale, na alisema uongo kwa ajili yangu, na mimi nilikuwepo, nikamwacha."

Hakuna aliyeinuka kwenye kiti. Katibu alikuwa ameinamia daftari lake analia, na Shangazi hakujua kama analia kwa nafuu au kwa hasira. Mpaka leo hajamuuliza.

Mhadhiri anapozungumzia siku ile huvua miwani na kuifuta, hata kama haina kitu. "Miaka minne amenifundishia darasa langu," anasema. "Sikumlipa. Nilimpigia makofi. Na sikuwahi hata kumuuliza habari za afya yake zaidi ya hujambo. Nimesoma mpaka hapa nilipofika, na sikuona kwamba mtu anatazama midomo yangu."

Ndiye aliyempeleka kupimwa. Kushoto hakuna kitu, kulia kimebaki kama robo. Jina lake liko kwenye orodha ya wanaosubiri kifaa cha kusikilizia, na orodha ni ndefu. Kibali chake hakikuchukuliwa, ila kwa miezi mitatu alikatazwa kufundisha. Yeye alitarajia kufokewa. Wazee wa jopo walimpa pole, na anasema pole zile zilimchoma kuliko matusi.

Kwa Katibu mambo hayakuwa mepesi. Jopo lilisema amesema uongo mbele yake, na uongo wa huruma nao ni uongo. Likaweka sharti moja. Njia ya shule ing'olewe na kutandikwa upya, na shule ikiandika barua kabla ya mwisho wa muhula kwamba imeridhika, alama yake itarudishwa. Isipoandika, atarudia mwaka.

Mwalimu mkuu wa shule naye akasema barua hiyo haitatoka kwake mpaka mpishi aseme ndiyo. Aliyeanguka ni yeye.

Kwa hiyo kila siku Shangazi anachambua kwa ndoo na mshumaa, bila ujira, na kila gunia linapitiwa mara ya pili na Katibu. Hatua ya tatu imerudishwa kwenye utaratibu, na chini yake imeongezwa ya nne, kwamba hakuna mtu anayechambua peke yake, hata awe nani. Wanafunzi wapya wanainakili. Kundi jipya la klabu limeanza kuuza magunia yaliyopimwa kwa maji kwa karakana mbili za mjini, na karakana zinasema hazijawahi kupata mzigo msafi namna hii.

Saa tatu na nusu Shangazi ananawa, anavuka barabara na mkokoteni wa matofali, Katibu anasukuma nyuma. Njia ya shule imetandikwa matofali mia nne na kumi na mbili. Yamebaki mia mbili ishirini na nane, na wiki tatu.

Mpishi anawasubiri kwenye mlango wa jiko. Ni mwanamke mnene, wa maneno machache, anatembea kwa fimbo. Kovu la mkononi linang'aa anapokunja mkono wa gauni. Shangazi alipokwenda kwake kuomba radhi mara ya kwanza, alipiga magoti mlangoni. Mpishi akamwambia ainuke, sakafu ni chafu.

"Pole nimeipokea," alimwambia. "Sasa nataka njia."

Ana namna yake ya kukagua. Anapita juu ya matofali yaliyotandikwa wiki iliyopita, na kila moja analigonga mara moja kwa ncha ya fimbo, kichwa kimeinama. Zima lina mlio wake, na lenye kasoro lina mlio mwingine. Hakuna aliyemfundisha huyu naye. Amejifunza kwa kuogopa.

Shangazi anatembea kando, hatazami matofali. Anautazama uso wa mpishi. Fimbo inagonga, uso haubadiliki, wanasogea. Inagonga, wanasogea. Kwenye safu ya kumi na mbili fimbo inagonga, inarudi, inagonga tena. Mpishi anainua kichwa, anamgeukia Shangazi upande wa kulia na kusema kwa kutamka kila neno.

"Hili silipendi."

Katibu anafungua mdomo kutetea, maana tofali lile amelipitia mwenyewe na halina tatizo kwa macho. Shangazi anamzuia kwa kiganja. Anapiga magoti, analing'oa kwa koleo, analiweka kwenye mkokoteni, anatandika jingine. Mpishi analigonga hilo jipya. Anaendelea mbele.

"Zamani ningebisha," Shangazi anasema baadaye, wameketi kwenye kibaraza cha jiko wakinywa maji. "Ningemwambia mimi nimefanya kazi hii kabla hujajua kuwasha jiko. Sasa nabishaje? Yeye anasikia, mimi sisikii."

Mpishi, aliyekuwa ndani akikoroga, anatoa kichwa dirishani. "Barua sijasema nitaikataa," anasema, na kurudi kwenye sufuria lake. Katibu anamtafsiria Shangazi kwa vidole na midomo. Shangazi anaitikia kwa kichwa polepole, na machozi yanamlengalenga.

Anachokitaka sasa ni kidogo. Mtoto huyu apate alama yake na mama yake mshonaji aambiwe ukweli, na amwambie yeye mwenyewe, ana kwa ana, si kwa barua. Amepanga kwenda mwisho wa mwezi na ameshamwomba mdogo wake amsindikize. Anaogopa safari hiyo kuliko alivyoliogopa jopo. Kifaa cha kusikilizia kikija atashukuru, kisipokuja ndoo zipo.

Halafu ana ombi moja kwa mwandishi. Anamvuta mkono mpaka kwenye banda la kuchambulia, mahali ile makala ya kwanza inapoendelea kuning'inia ndani ya plastiki yake angavu, na picha yake amefumba macho akicheka. Wanafunzi walitaka kuiondoa. Yeye amekataa.

"Iache," anasema. "Ila hii mpya utakayoiandika, itundikwe hapa pembeni, wakija wapya wasome zote mbili. Ile umesema sikosei. Hii sema nimekosea. Na uiweke ile hesabu."

Mwandishi anamuuliza hesabu gani, na Shangazi anamtazama midomo mpaka amalize.

"Tisa kwa ishirini," anasema. "Iandike kwa herufi kubwa, isomeke kutoka mlangoni."